Anayejituma, Nani Atamrudisha?

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ushonaji, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumze juu ya uwiano wa kazi na maisha kwa mtu aliyejiajiri. Mwalimu wenu aliponipigia simu kunipa mada hiyo nilikuwa nimebana pini nne mdomoni, mteja amesimama mbele yangu na gauni limegeuzwa nje ndani. Nikajibu "mm, mm." Yeye akadhani nimekubali. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba anayekuja kuwafundisha uwiano hata mwaliko wenyewe aliupokea na pini mdomoni.

Nianze na jambo mnalolijua wote ila mnaona haya kulisema mbele yangu. Mafundi tunasema uongo. "Njoo kesho." "Bado vifungo tu." "Umeme ulikatika." "Nilipata msiba." Mtaani kwetu kuna fundi ambaye bibi yake mzaa mama amezikwa mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa wiki ya harusi ya mtu. Watu hucheka, hutunga vichekesho, na mwisho husema ndiyo tabia ya mafundi, kana kwamba tumezaliwa nayo.

Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye cherehani na nimeuchunguza uongo huu kwa karibu, maana nimeusema sana. Hauanzi siku mteja anapofuata nguo yake. Unaanza siku ile ya kwanza anapoingia na kitenge chake kwenye mfuko. Mkono unachukua futi kabla kichwa hakijahesabu siku. Unampima kifua, kiuno, nyonga, unaandika, unapokea kianzio, na muda wote huo kuna sauti inakwambia: ukimwacha atavuka barabara aende kwa jirani. Basi unapokea. Kazi ya siku nane inaingizwa kwenye siku tano, na siku tatu zilizobaki sharti zitoke mahali. Kwanza utazitoa kwenye usingizi. Kisha Jumapili. Kisha ile nusu saa ya kumwangalizia mtoto madaftari yake. Vyote hivyo vikiisha, unaanza kuchota kwenye uvumilivu wa mteja, na hapo ndipo bibi anapokufa tena.

Niwaeleze usiku mmoja tu. Ulikuwa usiku wa kuamkia Idd, miaka kadhaa sasa. Nilikuwa na nguo kumi na tisa ambazo hazijaisha. Saa tisa usiku nikashika kanzu ya kijana mmoja, nikatia mikono, nikainua juu kuiangalia kwenye taa: mkono wa kushoto nimeutia kulia, wa kulia kushoto. Nikafumua. Nikarudia, nikakosea tena vilevile. Mara ya tatu kidole cha shahada kikatangulia kitambaa, sindano ikapita kwenye ukucha ikakatikia humo. Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Niliitoa kwa koleo, nikafunga kidole kwa kipande cha bitana, nikabadilisha sindano, nikaendelea, kwa sababu damu ilikuwa haijagusa nguo nyeupe na hilo ndilo lililonipa shukrani.

Asubuhi wateja walichukua nguo zao, si wote. Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka saba, alitoka kwenda kuswali Idd na kanzu ya mwaka uliopita. Ilimfika katikati ya muundi. Mtoto wa fundi.

Siku ya pili ya Idd kidole kilikuwa kimevimba, siwezi kushona, nikakaa na kalamu kwa mkono wa kushoto nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Siku 21 za mwisho za Ramadhani nilifanya kazi saa 15 kwa siku, na saumu juu. Hizo ni saa 315. Nikatoa uzi, zipu, gamu, bitana, LUKU, kodi ya fremu, malipo ya msaidizi wangu. Kilichobaki kilikuwa shilingi 378,000. Gawanyeni wenyewe. Shilingi 1,200 kwa saa. Msaidizi wangu, niliyemlipa kwa kipande na ambaye kila siku aliondoka mapema akafuturu kwao kama binadamu, alipata 1,500 kwa saa. Katika duka lile lenye jina langu juu ya mlango, mwenye mshahara mdogo kuliko wote nilikuwa mimi.

Kiswahili kina neno tunalolipenda sana siku hizi, hasa kwenye semina za ujasiriamali: kujituma. "Jitume, utafanikiwa." Nimelitafakari neno hili nikiwa napiga pasi. Mtu aliyetumwa na mwingine ana faraja zake. Akifika hupokewa, hukaribishwa maji, hutoa ujumbe, hurudi, na aliyemtuma humwuliza mbona umechelewa. Lakini anayejituma, nani atamrudisha? Nani atasimama barazani saa moja usiku amwambie basi, yatosha, njoo ule? Ile "ji" iliyo katikati ya neno ina mtu mmoja upande wa kutuma na mtu huyohuyo upande wa kutumwa, na katika uzoefu wangu wanaelewana vibaya. Bosi aliye ndani yangu nisingemvumilia wiki mbili kama angekuwa mtu mwingine. Hajui jina la mwanangu. Hatoi likizo. Akiniona nimekaa, hata kama nasubiri umeme urudi, ananitia hatia.

Baba yangu alijiajiri maisha yake yote na sijapata kumsikia akitafuta uwiano. Alikuwa mvuvi, Bagamoyo, na chombo chake kilikuwa ngalawa. Si kwamba alikuwa na hekima kunishinda. Bosi wake alikuwa bahari, na bahari ilikuwa na saa za kufunga. Kusi likikaza mwezi wa sita na wa saba, ngalawa ndogo hazitoki, zinapandishwa juu mchangani, na hapo ndipo anapopata nafasi ya kukalafati na kupaka deheni. Maji yakiwa mafu anatengeneza nyavu kivulini. Ijumaa haendi. Wenzake waliovua dagaa kwa taa walikuwa na likizo ya kila mwezi, na aliyewapa ni mwezi wenyewe: mbalamwezi ikiwaka juu ya bahari yote, taa ya mvuvi haivuti kitu, dagaa hawakusanyiki, basi watu wanalala kwao hadi giza lirudi. Sisi watoto tulikuwa tunajua kwamba mwezi ukijaa, wavuvi wa dagaa wako nyumbani.

Hata ziwa hupewa likizo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Wavuvi wa Kigoma hawakufurahi wote, na sikumlaumu mtu ambaye chakula chake kimefungwa miezi mitatu. Ila mjue kwamba cherehani haina mbalamwezi. Tangu tupate mota na taa za umeme, hakuna upepo wala mwezi unaoweza kutuambia leo hapana. Kitu pekee kinachotufungia duka ni kukatika kwa umeme, nacho tunakilaani. Halafu ikaja simu. Mteja anakutumia picha ya mshono saa tano usiku, "dada fundi naomba kama huu, lakini mkono uwe mrefu," unaona zile alama mbili zimegeuka buluu, ameshajua umeisoma, na wewe kitandani unaanza kukadiria mita.

Miaka michache baada ya Idd ile, mteja wangu mmoja, mwanasheria, alileta suti yake ipunguzwe kiuno, akasahau kwenye mfuko kitabu chembamba: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Umeme haukuwepo. Nikaanza kusoma kama mtu anavyosoma gazeti lililofungiwa maandazi.

Sheria inasema mfanyakazi asifanye kazi za kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Saa za ziada kwa makubaliano tu, zisipite 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe saa nzima ya mapumziko. Baina ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho zipite angalau saa 12. Kila wiki awe na saa 24 za kupumzika kwa mfululizo. Kwa mwaka, siku 28 za likizo na mshahara wake. Mama akijifungua, siku 84; akijifungua pacha, 100.

Nilisoma hiyo ya mwisho mara mbili. Binti yangu wa pili alipozaliwa, mimi nilirudi kwenye cherehani siku ya kumi na tisa. Alilala kwenye boksi la vitambaa chini ya meza ya kukatia, na mpaka leo ukimwashia cherehani anasinzia.

Nilipofunga kile kitabu nilijiona mhalifu. Kama nilivyojitendea mimi ningemtendea msaidizi wangu, angenipeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na angeshinda kabla hajamaliza kueleza. Mimi siwezi kwenda. Sijui ni karani gani angepokea shauri ambalo mlalamikaji na mlalamikiwa wana kitambulisho kimoja.

Kila mwezi wa nne nashona sare za Mei Mosi za ofisi mbalimbali. Nazishona usiku ili watu wavae mchana kuadhimisha haki ya kutoshona usiku. Siku yenyewe wanapita na mabango barabarani, nami nimekaa mlangoni nashikiza vifungo vya harusi ya Jumamosi. Wanayoyaadhimisha ni mambo ya watu waliopigana. Chicago mwaka 1886 waligoma kudai siku ya saa 8 na wengine wakafa. Shirika la Kazi Duniani lilipoundwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa hizohizo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1947, wafanyakazi waligoma Mombasa mwezi wa kwanza, na baadaye mwaka huohuo bandari ya Dar es Salaam ikagoma, mgomo ukapanda na reli kwenda bara. Wote hao walikuwa na wa kumgomea. Mimi nikigoma, nani atakuja kunisihi nirudi?

Nikaamua kujiandikia mkataba. Msicheke, niliuandika kweli, kwenye daftari la kaunta, na nikatia sahihi mahali pawili. Lakini mkataba wenyewe haukunisaidia kitu. Niliuvunja siku ya nne. Kilichonisaidia ni daftari la pili.

Nataka mlione daftari hili, ndilo hili hapa. Mwanzo daftari la fundi huwa la wateja: jina, simu, vipimo, kianzio. Hili ni la siku. Kila ukurasa ni siku moja ya kazi, na nimechora vyumba tisa, kila chumba saa moja. Nilikaa mwezi mzima na saa ya ukutani nikijipima mwenyewe, maana nilikuwa sijui kazi zangu zinakula muda gani; nilikuwa nasema tu "hii ndogo." Gauni la kitenge lisilo na mambo mengi, tangu kukata hadi pasi ya mwisho, kwangu ni saa nne. Likiwa na bitana na zipu ya kujificha, saba. Kupunguza suruali, ambako huwa tunasema "subiri dakika tano," ni dakika arobaini, kwa sababu lazima ubadilishe uzi, na mteja anaongea. Kwa hiyo akiingia mtu sasa, kabla sijagusa futi nafungua hapa. Gauni lako vyumba saba. Leo pamejaa, kesho pamejaa, keshokutwa vipo vitatu, siku inayofuata vinne. Njoo Jumatatu saa kumi jioni. Hiyo Jumatatu siitoi mdomoni, imeandikwa hapo, wote wawili tunaiangalia.

Wanaona ninaringa. Mama mmoja aliniambia hivyohivyo, "siku hizi unaringa, fundi," akachukua kitenge chake akavuka barabara kwa jirani. Nilimwona kwa macho yangu jirani akimwambia njoo kesho, na moyo uliniuma kama nimeibiwa. Miezi minne ya kwanza mapato yalishuka, na kuna mwezi mmoja nililipa kodi ya fremu kwa pesa ya mchezo wa upatu niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ada. Sitaki kuwadanganya kwamba ukipanga siku zako wateja wanakupigia makofi. Waliorudi walirudi taratibu, na wengi ni watu wa harusi, kwa sababu mwenye harusi anahitaji tarehe ya kweli kuliko anavyohitaji bei nafuu.

Na Idd bado inanishinda. Siku tatu za mwisho za Ramadhani nafanya kazi mpaka daku, daftari au hakuna daftari. Tofauti ni kwamba wiki ya baada ya Idd, kurasa sita nazipiga msalaba mwezi mzima kabla, na duka halifunguliwi. Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Yeye hakugawa kila siku katika mafungu yanayolingana. Bamvua alikuwa haonekani nyumbani, maji mafu alikuwepo tele. Hayo ya kila siku iwe na kazi kiasi, mazoezi kiasi na watoto kiasi wamebuni watu wenye mshahara wa mwezi. Sisi wa misimu tuna mizani yetu ya misimu, ila inabidi tuyachore maji mafu yetu kwa mkono, la sivyo hayaji.

Hapa kuna jambo nataka nilitenge. Mkitoka nje ya geti mtamkuta kijana wa bodaboda, naye ataitwa amejiajiri. Pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, amepata asipate, na chake ni kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Huyo ukimwambia apumzike Jumapili unamtania. Shida yake haiko kwenye daftari, iko kwenye mkataba wake na mwenye pikipiki, na mimi naona semina zetu zinamwonea zinapomfundisha nidhamu ya muda badala ya kumfundisha kusoma mkataba. Baadhi yenu mtaanza kwa kukodi cherehani kwa hesabu. Ulizeni kwanza: siku nikiugua, hesabu inalala au inadaiwa?

Pesa nitaipitia haraka, wahasibu wataisema vizuri zaidi. Jilipeni mshahara. Wangu nautoa Jumamosi kwenye laini moja ya simu kwenda nyingine, ile ya duka na ile ya nyumbani, na nikishautuma unga haununuliwi tena na duka. Na kuna NSSF, wanapokea waliojiajiri.

Nirefushe kidogo kwenye jamaa, kwa kuwa dada zangu hapa ndiko watakakobanwa. Ukijiajiri, ukoo mzima utafahamu kwamba huna kazi. "Wewe si umejiajiri, uko huru." Wa kwenda kumpokea mgeni stendi ya mabasi ni wewe. Wa kukaa foleni hospitali na shangazi ni wewe. Dada yangu anafanya kazi ofisini, na hakuna anayemuomba, kwa sababu ana bosi, na bosi wa mtu mwingine anaheshimika. Kwa miaka mingi hilo lilinikera mno, nikajifunza kusema nina bosi pia, anaitwa daftari, ngoja nimuulize.

Lakini baba alipougua mara ya mwisho, dada yangu alipata ruhusa ya siku tatu. Mimi nilifungua daftari, nikawapigia simu wateja tisa mmoja mmoja, nikawahamishia kurasa za mbele, nikakaa naye siku kumi na moja. Alikuwa haongei sana. Siku ya tano hivi aliniuliza mwezi umefika wapi, nikatoka nje nikaangalia, nikarudi nikamwambia unakaribia kujaa. Akasema, "Basi wako nyumbani." Kwa siku zile kumi na moja sikudanganya mteja hata mmoja. Wote tisa nguo zao walizikuta tarehe niliyowaambia, ile ya pili.

Naona saa ya ukutani inasema saa kumi na dakika ishirini. Maswali nitayapokea mpaka kumi na moja kasoro robo, mniwie radhi siwezi kuzidisha. Kuna bibi harusi mtarajiwa niliyemwambia saa kumi na mbili jioni, na pindo lake bado sijalipinda.